Mbwaa na Mwenendega: Jinsi ya Kuunganisha Tafiti za Masimulizi

Mwanafunzi wa hapa Kanja akiulizwa asili ya Waembu, humtaja Mwenendega na mkewe. Mwenzake kutoka Meru hutaja Mbwaa, kisiwa ambako mababu walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, hadi kiongozi wao alipoyapasua maji wakavuka. Ukisahihisha, utampa nani alama?

Tuwatazame watafiti. Bernardo Bernardi, katika kitabu chake cha 1959, aliichunguza Mbwaa kupitia cheo cha Mugwe, kiongozi wa baraka. Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mnamo 1969 na 1970, aliihusisha na kisiwa cha Manda, Lamu. Naye H.S.K. Mwaniki alichapisha masimulizi ya Embu na Mbeere mwaka 1973.

Tuziunganishe vipi tafiti hizi? Mwaka 1988, Wamarekani George Noblit na Dwight Hare walipendekeza njia tatu: kufasiri utafiti mmoja kwa lugha ya mwingine, kuonyesha unapopingana na mwingine, na kujenga hoja moja inayozidi kila mmoja wao.

Tujaribu. Bernardi na Fadiman wanafasiriana: safari ya Fadiman ndiyo chimbuko la mamlaka ya Mugwe wa Bernardi. Lakini jihadhari! Kukubaliana kwao si mashahidi wawili. Wamishenari walikuwa wamekwisha kufika Meru, na wazee huenda walikuwa wameisikia habari ya Musa. Hata hivyo, Wameru husimulia kwamba waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Hayo hayamo katika Biblia.

Mwenendega hapatani na Mbwaa, nasi tusiwalazimishe. Mmoja anaanzia nyumbani, wengine wanaanzia ng'ambo ya maji. Ila tukiyaweka masimulizi haya pamoja, hoja ya tatu inajitokeza: kila kimojawapo kinamwambia msikilizaji yeye ni wa nani na anapaswa kumheshimu nani. Hiyo ndiyo dhima ya kisasili.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, wape wote wawili alama. Nawe mtahiniwa, usihesabu vitabu vinavyokubaliana. Uliza kwanza: nani alisimulia, kwa nani, na lini? Anayemkosoa mwenzake kwa toleo la kwao humnyang'anya babu yake.