Laptopu kwa Kila Mtoto: Ahadi Hii Ilianzia Wapi?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mara tunasikia ahadi kwamba watoto wa shule watapewa laptopu. Tuitazame historia yake.

Mwaka 2005 Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huo ilionyeshwa mjini Tunis, Tunisia, akiwapo Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na mpini wa kuzungusha ili izalishe umeme. Zilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, mpini haukuwamo tena, na bei ilikaribia dola 190. Shule za vijijini zisizo na umeme zikabaki na swali lao.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kuzipokea mwaka 2008, na baadaye zikagawiwa zaidi ya 200,000. Hawakufuata mkumbo tu. Tangu mwaka 2000 Dira yao ya 2020 ilitaka nchi hiyo iliyo mbali na bahari iinuke kwa elimu na ujuzi. Ila mwaka huohuo wa 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Hebu fikirieni hali ya mwalimu wa msingi: lugha ya kufundishia ni ngeni, na chombo kilicho mezani ni kigeni pia! Sisi tunaosomesha madrasa tunamwelewa. Hata alifu iliyoandikwa ubaoni, mtoto haijui mpaka mwalimu amwonyeshe kwa kidole.

Peru nako ziligawiwa laptopu nyingi mno. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 katika shule 319 haukuona tofauti katika hesabu wala kusoma. Rwanda yenyewe, katika sera yake ya mwaka 2016, ilielekea kwenye madarasa ya kompyuta za kutumiwa kwa pamoja.

Kenya ahadi ilitolewa kwenye uchaguzi wa 2013. Zabuni ikaingia mzozo, ikafutwa, na watoto wa darasa la kwanza wakangoja hadi 2016, tena wengi walipewa tableti. Lakini katika kungoja huko, kwa kuwa vifaa visingefanya kazi bila umeme, serikali ilikimbilia kuvuta nyaya, na zaidi ya shule 20,000 za msingi zikaunganishwa. Kwa maoni yetu, taa hizo zilikuwa na manufaa kuliko tableti zenyewe.