Chumvi Haibaki Pwani

Rili yangu haikufia baharini. Ilifia Iyunga, Mbeya, juu ya kabati, katikati ya Desemba, mvua ikipiga bati na bahari ikiwa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka pale ilipolala. Miezi mitatu kabla nilikuwa nayo Bagamoyo. Nilivua siku mbili, nikaifuta kwa kitambaa, nikaona inang'aa, nikaitia ndani ya soksi na kupanda basi. Siku nilipoichukua tena ili niende nayo ziwani Matema kutafuta samaki aitwaye mbasa, mpini ulizunguka nusu duara ukagoma. Nikaulazimisha. Ikatoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga.

Kwa asiyeijua, rili ninayoisema ni ile ambayo bobini yake hukaa juu ya ufito na huzunguka yenyewe mshipi unapotoka. Wakati wa kutupa, kidole gumba ndicho hukaa juu ya bobini kuizuia isizidi mbio. Ukichelewa kuikanyaga, bobini hutoa mshipi upesi kuliko chambo kinavyouvuta, na mara moja kila kitu kimeingia tata. Ni chombo kitamu mkononi, na kina wivu.

Nikaipeleka kwa fundi baiskeli, pembeni mwa barabara kuu iendayo Tunduma. Hakuwahi kuona kitu kama hicho, lakini gia ni gia. Akafungua skrubu tatu, akachungulia, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hii imekula chumvi nyingi."

Nilicheka. Kwa Kiswahili chetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa kusikilizwa, na hii haikuwa imefikisha hata miaka miwili. Ndani kulikuwa na unga mweupe ubavuni mwa fremu ya alumini, kutu ya kijani kwenye gia ya shaba, na beringi mbili zilizogandana kama sukari iliyolowa. Hivyo ndivyo chumvi ifanyavyo kazi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki, na kila hewa inapopata unyevu huuvuta na kuwa majimaji upya. Alumini ikigusana na chuma au shaba ndani ya majimaji hayo, umeshawasha betri ndogo inayoila alumini usiku na mchana. Kiangazi cha Mbeya kilikuwa kimeilaza ile chumvi. Masika yetu ya kuanzia Novemba yakaiamsha.

Basi ikabidi kutafuta nyingine. Nilipoanza kuuliza nichukue ipi, nikagundua kwamba ninauliza swali ambalo jamii mbalimbali zimelijibu kwa namna zinazopingana, na kwamba rili niliyokuwa nayo ilizaliwa mahali panapofanana na Iyunga kuliko Bagamoyo.

Rili ya aina hii, yenye gia za kuzidisha mzunguko, ni kazi ya mafundi saa wa bara. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris ulioko Kentucky, ndani kabisa ya Marekani, fundi saa na mfua fedha aitwaye George Snyder alitengeneza rili ambayo mpini ukizunguka mara moja bobini huzunguka mara kadhaa. Ndugu wawili wa ukoo wa Meek, nao mafundi wa saa na vito katika mji wa Frankfort wa jimbo hilohilo, wakaiboresha. Samaki waliyemlenga ni wa mtoni, wa maji baridi. Miaka zaidi ya mia baadaye habari inajirudia Sweden. Kampuni ya ABU ilianzishwa mwaka 1921 katika kijiji cha Svängsta, kando ya mto Mörrum wenye samoni, na jina lenyewe ni kifupi cha kiwanda cha saa. Walitengeneza saa, kisha mita za teksi. Vita Kuu ya Pili ilipoua soko la mita hizo, wakageukia rili, na mwaka 1952 wakatoa Ambassadeur, rili nyekundu ambayo wavuvi wa ufito duniani bado wanaitaja kwa heshima.

Ukiijua nasaba hiyo, unaelewa kwa nini ndani ya rili hizi kumejaa vipande vidogo vinavyopendana. Fundi saa hutafuta ulaini. Adui yake ni msuguano, na dawa ya msuguano ni beringi, kisha beringi nyingine. Matangazo ya leo bado yanahesabu beringi kama mahari: saba, tisa, kumi na moja. Halafu kuna kile kidude kinachotembea kushoto na kulia mbele ya bobini kupanga mshipi usirundikane upande mmoja. Kinatembezwa na parafujo iliyochongwa mifereji inayokatana, nayo iko wazi, chini, mahali hasa ambapo maji yanadondoka kutoka kwenye mshipi. Kwenye maji baridi ni ubunifu wa kupigiwa makofi. Baharini ni sahani ya kukingia chumvi. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: aliyeunda mashine yake kwa kipimo cha mto hana kosa, mradi mnunuzi asisahau kwamba ni mto.

Watu wa bahari wamekwenda njia nyingine kabisa, nayo ni ya kupunguza.

Mzee niliyekuwa naye kwenye ngalawa kule Bagamoyo alivua kwa mshipi wa mkono: nailoni iliyokunjwa kwenye kipande cha mti, chubwi, ndoano, chambo cha ngisi. Kidole chake cha shahada alikivika pete ya mpira wa tyubu ili mshipi usimkate. Aliitazama rili yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo ikiharibika huku tuliko, unaifanyaje?" Nikamjibu kwamba haiharibiki. Hakusema neno, akaendelea kukata ngisi.

Tukihesabu vipande vya chombo chake, breki ni kidole, gia ni mkono, kipimo ni pima. Kila mvuto wa mkono huleta karibu nusu pima, yaani kama sentimita tisini. Rili yangu, yenye uwiano wa gia wa tano kwa moja, huleta kama nusu mita kwa mzunguko mmoja wa mpini bobini ikiwa imejaa, na pungufu zaidi inapokaribia kuisha. Kwa hiyo hata katika mbio mashine haimshindi mzee kama tunavyodhani. Na chumvi haina pa kuingia.

Mtu asinielewe kwamba naimba sifa za asili. Mpwani huyuhuyu aliiacha mishipi ya pamba bila machozi nailoni ilipofika, na anayepata injini hapigi kasia kwa ajili ya utamaduni. Anapokea kipya kinachovumilia chumvi na kukiacha kisichovumilia. Huo ni uhakiki wa ufundi, ingawa hauandikwi popote.

Waingereza nao, taifa la kisiwa, walipofika baharini walipunguza. Nottingham, mji uliosifika kwa kufuma lesi, ulitoa rili ya mbao iliyofanana na bobini za kazi hiyo. Kwenye pwani ya Yorkshire ikanenepa ikawa ile iitwayo Scarborough: gurudumu la mbao, mhimili, vishikio viwili, basi. Haina gia hata moja. Ajabu ni kwamba Waingereza haohao, walipopandikiza trauti kwenye mito ya baridi ya nyanda zetu hizi, Kiwira ukiwamo, walikuja na rili za namna hiyohiyo, mzunguko mmoja kwa mmoja, ingawa kwenye mto ule zingefaa hata saa za Kentucky. Mazoea yana nguvu kuliko haja.

Australia wakaenda mbali zaidi. Mwaka 1920, mjini Brisbane, Charles Alvey alianza kutengeneza rili ya kuvulia ufukweni. Wakati wa kutupa unaigeuza ubavu, mshipi unachomoka kama uzi kwenye kibiringo. Kisha unairudisha na kukunja moja kwa moja bila gia. Mchanga ukiingia unaichovya baharini na kuendelea. Fikiria hilo: chombo kinachosafishwa kwa kitu kilekile kilichoua changu.

Palipohitajika nguvu za mashine kwa lazima, bahari ilidai aina nyingine ya kipande. Huko California mwanzoni mwa karne iliyopita, waliovua jodari wakubwa kwa ufito walivunjwa vidole, kwa sababu samaki akikimbia mpini wa rili ulizunguka kinyumenyume nao wameushika. William Boschen alibuni, na fundi Joseph Coxe akaunda, breki ya ndani yenye kirekebisho cha umbo la nyota, inayomruhusu samaki avute mshipi huku mpini umetulia. Mwaka 1913 Boschen akaitumia kumpata samaki-upanga, aina ambayo hakuna aliyewahi kuipata kwa ufito na rili. Breki hiyo ni ile pete ya mpira wa tyubu ya mzee wangu, ikiwa imehamishiwa ndani ya chuma. Rili nyingi kubwa za bahari zilizofuata zilikuwa nayo, na nyingi hazikuwa na kile kidude cha kupanga mshipi. Mvuvi aliupanga kwa kidole gumba.

Mwandishi Hemingway, aliyevua Malindi mwaka 1934 baada ya safari yake ya uwindaji, alikuwa mtu wa rili hizo kubwa. Lakini alipoandika habari za mzee na samaki wake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1952, mwaka uleule wa Ambassadeur, alimpa mzee mshipi wa mkono na viganja vilivyochanika. Sidhani ni huruma tu. Mtu mwenye rili angeweza kupumzika huku breki ikifanya kazi, na kitabu kingeisha ukurasa wa ishirini.

Wajapani ndio waliojaribu kuzioanisha njia hizi mbili. Shimano ilianza mwaka 1921, mwaka mmoja na ABU, mjini Sakai, kwa kutengeneza friwili za baiskeli, na ikaingia kwenye rili mwaka 1970. Hawakupunguza vipande. Walivizibia: beringi zenye ngao, rangi ya kinga juu ya alumini, vizuizi vya mpira palipo na tundu. Fundi wangu nilipomweleza habari ya friwili alitikisa kichwa kama aliyepata habari za ndugu. Ndiyo maana, akasema, kale kakipande kanakozuia mpini usirudi nyuma hakakumpa shida kukaelewa.

Kuziba kunafaa, lakini kuna masharti ambayo kibandiko kwenye boksi hakiyasemi. Kizuizi kinachozuia maji yasiingie huzuia pia yaliyokwisha kuingia yasitoke. Ukiiosha kwa mpira wa maji yenye kasi, unaisukuma chumvi ndani kwa mikono yako mwenyewe. Inatakiwa maji baridi ya kunyunyiza tu, breki ikiwa imekazwa, kisha ukaushe kivulini, ulegeze breki ili diski zake zisigandamane, na udondoshe tone moja la mafuta kwenye beringi. Tena siku ileile, kabla ya kupanda basi. Mimi niliipa kitambaa.

Sasa nichukue ipi? Wapo walionishauri ile ambayo bobini yake haizunguki, mshipi ukijiviringa wenyewe kwa mkono wa chuma. Ni rahisi kutupia, haiingii tata sana, na kwa anayeanza ndiyo ningempa. Lakini mshipi mzito unasokoteka ndani yake, na mimi nimezoea kumhisi samaki kwa kidole gumba. Wapo walionishauri nijinunulie ileile niliyoua, ile bapa yenye beringi nyingi, nikaitunze vizuri zaidi. Hilo nililikataa upesi. Matema navua ziwani mara nyingi kwa mwaka, nikitupa mbali kutoka ufukweni mbasa anapofukuza usipa, na baharini nafika mara moja. Chombo kinachohitaji kutunzwa kama mtoto mchanga siku hiyo moja ndicho nitakachokikosea siku hiyo moja.

Nimechukua rili ya duara, fremu nene, gia ya shaba yenye uwiano wa tano na kitu, beringi chache zenye ngao, breki ya nyota, na mbele ya bobini pako wazi, hamna kidude. Ina skrubu tatu za kufunguliwa kwa sarafu, jambo nililolipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu fundi wa rili Iyunga hayupo na fundi baiskeli yupo. Nimeweka nailoni kidogo chini kisha uzi wa kusuka juu yake. Uzi wa kusuka ukiwekwa peke yake huteleza kwenye bobini na unadhani breki imekufa. Breki nimeipima kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, ianze kuachia kwenye kama theluthi ya nguvu ya mshipi. Kidole changu bado kinasahau kuupanga mshipi, na mara ya kwanza pale Matema nilirundika upande wa kushoto kichuguu kizima.

Kwenye begi nimeongeza kipande cha mti chenye pima hamsini za nailoni na chubwi mbili.

Ile ya zamani ilibaki kwa fundi. Wiki iliyopita nilipita, nikaona baiskeli ya mtoto imesimamishwa kichwa chini, kengele yake imefungwa kwa skrubu ndogo za kung'aa zisizo na hata doa la kutu. Nilizitambua.