TXS 0506+056

TXS 0506+056 ni galaksi hai ya aina ya blaza, upande wa kundinyota la Jabari. Nuru yake husafiri karibu miaka bilioni 4 hadi kutufikia. Ni ya kwanza kuhusishwa kwa ushahidi mzito na chembe za nishati kubwa ziitwazo nyutrino, na kupitia hizo, na asili ya miali ya kosmiki.

Muundo

Katikati yake limo shimo jeusi kubwa mno. Sehemu ya gesi inayolizunguka hurushwa nje kama mkondo mwembamba wenye kasi inayokaribia ile ya nuru. Galaksi huitwa blaza pale mkondo huo unapoelekea Dunia.

Asili ya miali

Ndani ya mkondo, mawimbi ya mshtuko na ugasumaku huzipa chembe nishati kubwa. Miali ya gamma huweza kuzaliwa kwa njia mbili. Ama elektroni hugonga fotoni na kuziongezea nishati, ama protoni hugongana na fotoni na kuzaa chembe ziitwazo pioni. Pioni zisizo na chaji huvunjika kuwa miali ya gamma. Zenye chaji hutoa nyutrino.

Miali ya kosmiki, iliyogunduliwa na Victor Hess mwaka 1912 kwa vipimo vya angani akiwa katika puto, aghalabu ni protoni. Kwa sababu ya chaji yake, ugasumaku huipindisha njiani, na chanzo chake hupotea. Nyutrino haina chaji, hivyo huja moja kwa moja, na ikionekana ni dalili kwamba protoni zilihusika.

Ugunduzi

Tarehe 22 Septemba 2017, IceCube, kituo chenye vipokezi 5,160 ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini, kilinasa alama ya nyutrino ya elektronivolti trilioni 290 hivi. Sekunde 43 baadaye tahadhari ilitumwa kwa wanaastronomia. Darubini ya angani Fermi ilionyesha kuwa blaza hii, iliyo upande uleule, ilikuwa iking'aa kuliko kawaida. Darubini za MAGIC kisiwani La Palma zikathibitisha miali ya gamma yenye nishati kubwa zaidi. Kumbukumbu za IceCube nazo zilifichua nyutrino za ziada zipatazo 13 za mwaka 2014 na 2015.

Umuhimu

Ushahidi wa kuihusisha blaza hii na nyutrino ulifikia takriban sigma 3, kwa kipimo cha uhakika wa kitakwimu, ilhali fizikia hudai sigma 5 kabla ya kutangaza ugunduzi kamili. Aidha, nyutrino za 2014 na 2015 hazikuandamana na ongezeko la miali ya gamma. Huenda basi mahali panapozaa nyutrino pana msongamano unaomeza miali hiyo. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2022, IceCube ilipohusisha nyutrino 79 na galaksi NGC 1068, ambayo kiini chake kimefunikwa na gesi na vumbi.