Mchezo wa ordinatere unaweza kufundisha fundi wa frigo?

Kwetu Goma, Bukavu ao Butembo, kijana anayetaka kuwa fundi wa frigo anaingia kwenye atelye ya mkubwa, anabeba vyombo, anaangalia. Miezi inapita bila yeye kugusa kompreseri, juu mkubwa anaogopa kijana asiunguze mashine ya watu. Ni haki yake kuogopa. Lakini mtu ambaye hana ruhusa ya kukosea, atajifunza lini?

Huko Marekani, masomo mengine ya ufundi wa mashine za baridi na za joto yamepata njia ya kujibu swali hilo: mwanafunzi anakosea kwanza ndani ya mchezo wa ordinatere. Wanauita simulasio. Kampuni Interplay Learning ya mji wa Austin, jimbo la Texas, ni moja ya zile zinazotengeneza masomo ya namna hiyo.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Link alitengeneza ndege ya kujifunzia isiyoruka, akitumia mifuko ya hewa sawa ile ya vinanda vya kiwanda cha baba yake. Mwanzoni wanunuzi wengi walikuwa watu wa bustani za michezo. Nyuma yake jeshi likainunua, na wakati wa vita ya pili ya dunia ilifundisha marubani wengi sana. Kilichoanza kama mchezo kikaokoa maisha.

Mchezo unaendeshwa namna gani?

Mwanafunzi anaona nyumba kwenye ekra. Mwenye nyumba analalamika: klimatizeri inapuliza hewa, lakini si baridi. Programu imeficha ugonjwa ndani ya mashine. Mwanafunzi anachagua vyombo: multimetri ya kupima umeme, manometri ya kupima gesi. Akiweka nyaya za multimetri pahali fulani, namba inatokea sawa vile ingetokea kwenye mashine ya kweli. Akibadilisha kipande kizima bila sababu, anapoteza pointi.

Hapo ndipo faida kubwa iko. Fundi mwenye haraka, akisikia "haileti baridi", anaongeza gesi. Lakini gesi ya frigo haiishi kama petroli ya pikipiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna pahali inatoka. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kumwaga makuta ya mwenye frigo. Pengine gesi iko sawa, na kilichokufa ni kondansateri, kile kidude kama kopo kidogo kinachosaidia mota kuanza. Mchezo unamlazimisha mwanafunzi kuuliza, kuangalia, kupima, kisha kuamua. Akikosa, anaanza tena, na hakuna kilichoungua.

Kwa mashine za kupasha nyumba moto, ambazo huko wanatumia wakati wa baridi kali, hatari ni kubwa zaidi. Nyingi zinawasha gesi. Ikiwaka vibaya, inatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakilala. Kosa la namna hiyo ni heri lifanyike kwenye ekra.

Kile mchezo hauwezi

Ekra haifundishi mkono. Kulehemu bomba la shaba, kusikia kompreseri inayolia vibaya, kupanda juu ya nyumba na vyombo mgongoni: hayo yanataka mashine ya kweli na mkubwa pembeni. Kondansateri inaweza kukupiga umeme hata kama umekwisha kukata kura, na mwili hauogopi kitu cha kwenye ekra. Tena, frigo nyingi za sasa zinatumia gesi R-600a, ambayo inashika moto. Mchezo ni mlango wa atelye, hauko atelye yenyewe.

Na sisi huku?

Simulasio za kampuni zinalipwa, na umeme wetu tunaujua. Lakini kuna mlango wa bure: PhET, kazi ya chuo kikuu cha Colorado iliyoanza mwaka 2002. Haifundishi frigo, inafundisha misingi: mzunguko wa umeme, mgandamizo wa gesi. Iko pia kwa Kifaransa, na ukishapakua, inatumika bila intaneti. Ukiunganisha nyaya vibaya, betri inawaka moto kwenye ekra, na wewe unacheka ukiwa mzima.

Hata bila ordinatere, mkubwa wa atelye anaweza kuchukua frigo moja iliyokufa, aifiche ugonjwa, aseme: "Tafuta, lakini kila kipande utakachogusa, niambie kwanza sababu." Huo pia ni mchezo. Frigo ya kituo cha afya inapaswa kulinda chanjo kati ya digri 2 na 8. Siku itaharibika, ni heri fundi atakayeitwa awe amekwisha kukosea mara nyingi, pahali ambapo kosa haliumizi mtu.