Mgunduzi Asiye Mwandishi: Kamoya Kimeu katika Vitabu vya Kuenzi Wanasayansi wa Zamadamu

Utangulizi

Vitabu vya kuenzi wanasayansi huelekea kufuata mkondo mmoja: mtu mmoja, swali moja, na hatimaye ugunduzi unaobeba jina lake. Katika taaluma ya zamadamu wa Afrika Mashariki, mkondo huo umezaa rafu nzima ya vitabu kuhusu familia ya Leakey. Mary Leakey alichapisha tawasifu yake, Disclosing the Past, mwaka 1984; Virginia Morell akatoa wasifu wa familia hiyo, Ancestral Passions, mwaka 1995; na Meave Leakey akatoa The Sediments of Time mwaka 2020. Jina la Kamoya Kimeu halikufichwa katika masimulizi haya. Makala haya yanahoji kwamba jina limehifadhiwa, ilhali ujuzi uliolibeba jina hilo bado unasubiri mwandishi wake.

Kazi ya nyanjani, 1960–1984

Kamoya Kimeu alizaliwa Ukambani, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Makueni, na elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi. Alianza kazi ya uchimbaji kwa Louis na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai, Tanganyika, takriban mwaka mmoja baada ya Mary kuligundua fuvu la Zinjanthropus mnamo Julai 1959. Fuvu hilo lilikuwa na upungufu mkubwa: halikuwa na taya la chini. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, Kamoya alilipata taya la jamii hiyo hiyo ya zamadamu, na kwa mara ya kwanza watafiti wakaweza kuutazama uso wa kiumbe huyo kwa ukamilifu zaidi.

Mwaka 1967 alikuwa katika msafara wa Bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia, ambako aliyaona mabaki yajulikanayo kama Omo I. Mabaki hayo yamekuja kuhesabiwa miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa binadamu wa aina yetu: uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 uliyapa umri wa miaka ipatayo 195,000, na ule wa mwaka 2022 ukausogeza nyuma hadi miaka isiyopungua 230,000. Kisha, mnamo Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu kilichofanana mno na kokoto nyeusi za volkano zilizokizunguka. Kipande hicho kilielekeza kwenye kiunzi cha mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita, ambacho ni miongoni mwa viunzi vya Homo erectus vilivyokamilika zaidi duniani.

Matokeo matatu ya aina hiyo, katika nchi tatu, hayaelezeki kwa bahati. Kutenganisha mfupa na jiwe katika uwanda wenye mamilioni ya mawe kunadai maarifa ya maumbo ya mifupa ya wanyama, ya namna mvua inavyofukua tabaka za udongo, na ya pembe ambayo mwanga wa jua huanika kisukuku. Kamoya aliyafundisha maarifa hayo kwa kikosi alichokiongoza. Bernard Ngeneo, wa kikosi hicho, ndiye aliyeona mwaka 1972 vipande vya fuvu maarufu nambari 1470 huko Koobi Fora.

Kanuni ya uandishi na wajibu wa wasifu

Taarifa ya kisayansi ya fuvu la 1470 ilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Richard Leakey peke yake. Ile ya mvulana wa Nariokotome, ya mwaka 1985, ilibeba majina ya Brown, Harris, Leakey na Walker. Kanuni ya taaluma ilikuwa bayana: mwandishi ni yule anayekielezea kisukuku, kukipima na kukipa umri, aliyekiona hutajwa au hushukuriwa. Yawezekana kuitetea kanuni hiyo kwa hoja za kitaaluma, na haki inadai tuseme pia kwamba familia ya Leakey ilimsifu Kamoya hadharani.

Hata hivyo, kitabu cha wasifu hakifungwi na kanuni ya jarida. Mwandishi wake yuko huru kuuliza maarifa yalianzia wapi. Pale anapoziiga safu za majarida, mgunduzi hubaki kuwa msaidizi mwenye macho makali, kana kwamba jicho huona bila akili iliyolifunza. Tuzo nazo zilifuata njia hiyo kwa kuchelewa. Kamoya alipokea nishani ya La Gorce katika Ikulu ya Marekani mwaka 1985, na jina lake likapewa jenasi ya sokwe wa kale, Kamoyapithecus, mwaka 1995. Lakini shahada ya heshima ya udaktari aliipata mwaka 2021 tu. Alifariki Julai 2022.

Hitimisho

Kifo chake kinaifanya hoja hii kuwa ya dharura. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha za kambini, na sehemu kubwa ya ujuzi wa wagunduzi hawa ilirithishwa kwa mdomo. Anapoondoka mzee mmoja, huondoka na sura nzima ambayo hakuna jarida lililoichapisha. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, makumbusho ya taifa ya Kenya na Tanzania yarekodi ushuhuda wa wachimbaji na wagunduzi wastaafu walio hai, kwa lugha wanazozimudu. Pili, vibali vya utafiti vidai kwamba kila taarifa ya kisukuku imtaje aliyekiona na mbinu aliyoitumia. Tatu, taasisi za Kiswahili zidhamini wasifu wa wanasayansi hawa kwa ajili ya shule, ili mwanafunzi wa Makueni au Loliondo ajue kwamba kusoma ardhi ni sehemu ya sayansi, na kwamba waliomtangulia waliifanya kwa umahiri.