Kirusi Kilichozimwa

Majira ya baridi ya 1897 kuelekea 1898, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Oscar Raab alikuwa akipima sumu ya rangi ya akridini kwa vijidudu vya seli moja. Siku moja rangi iliua upesi. Siku nyingine, kwa kipimo kilekile, ikakawia sana. Rangi haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mwanga wa maabara, kwa kuwa siku moja kulikuwa na radi na mawingu mazito. Baadaye mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, na wenzake walionyesha kwamba panahitajika pia kitu cha tatu: oksijeni.

Kanuni ni hiyo hadi leo. Rangi hunyonya mwanga, kisha huipa oksijeni iliyo jirani nguvu yake. Oksijeni hiyo huwa kali na kuunguza kilicho karibu. Rangi ikijishika kwenye vinasaba vya kirusi, vinavyoungua ni vinasaba hivyo, na kirusi hakiwezi tena kuzaliana.

Lakini rangi haichagui adui. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za hematopofirini, kisha akakaa juani. Uso na mikono vilivimba vibaya, na kwa wiki nyingi baadaye ngozi yake haikustahimili jua.

Humkumbuka daktari huyo kila nisomapo habari za herpesi katika miaka ya 1970. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kutegemewa, na vidonda vya sehemu za siri viliwarudia watu wakiwa na maumivu na aibu. Huko Marekani madaktari walianza kutoboa malengelenge, kupaka rangi nyekundu ya maabara, kisha kuyamulika kwa taa ya tyubu. Mwaka 1973 matokeo ya kutia moyo yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo. Sindano, rangi, taa: vitu rahisi, tena vya bei nafuu. Nani angekataa?

Mwaka huohuo Fred Rapp na wenzake, huko Pennsylvania, walizima virusi kwa rangi na mwanga, wakaviweka kwenye seli za hamsta, mnyama wa jamii ya panya. Virusi havikuzaliana. Hata hivyo baadhi ya seli ziligeuka na kuanza kukua ovyo. Baadaye seli za namna hiyo zilizaa uvimbe wa saratani katika hamsta. Kirusi hai cha herpesi kwa kawaida huiua seli kinayoingia. Kilichozimwa huweza kuiacha hai, ikiwa imebeba mabaki ya vinasaba vyake.

Seli za maabara hazithibitishi kwamba mgonjwa fulani alipata saratani. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na watu walikuwa wameshapakwa rangi. Mwaka 1975 jaribio lililolinganisha tiba hiyo na tiba bandia halikuona nafuu yoyote ya ziada. Ikabaki hatari isiyo na faida ya kuifidia.

Mbinu yenyewe haikufa. Ilitoka mwilini ikaingia mfukoni. Katika miaka ya 1990 Ujerumani ilianza kuitumia kusafisha plazima, yaani maji ya damu, kwa rangi ya methilini bluu. Humo mipaka yake inajulikana: haifikii vizuri virusi vilivyojificha ndani ya seli, na hupunguza baadhi ya protini za kugandisha damu. Ufaransa iliacha plazima hiyo mwaka 2012, baada ya taarifa za mzio.

Kiswahili husema kuzima moto, na kila aliyepika kwa kuni anajua kwamba moto uliozimwa una makaa. Madaktari wa herpesi waliangalia kama mwali umekufa. Rapp alichokoa majivu. Leo, kabla plazima haijamfikia mgonjwa, hupitishwa kwenye kichujio ili rangi ibaki nyuma. Mtu aliyelala kitandani hawezi kukiona kichujio hicho, lakini ndicho ninachokiamini kuliko taa.