Windows 10 imeachwa, kompyuta za mtumba zinataka nini?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa wenye steshenari Chang'ombe, jirani na DUCE na VETA, tatizo ni Windows 11: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mtumba hazina, hata kama RAM ya GB 4 inayotakiwa ipo.

Kinachosubiriwa kwenye mfumo ujao si madoido. Uwe mwepesi, usijisasishe kimyakimya ukamaliza bando, umeme ukikatika kazi ya mteja isipotee.

Linux Mint ni ya bure na haidai TPM. Ila iwashe kwanza kupitia flashi, uone kama printa yako inakubali.